Una ngitili au kapori kako huku Kanda ya Ziwa? Soma hii kabla hujashika panga

Ndugu zangu wa Magu, Misungwi, Sengerema mpaka Ukerewe, haya namwandikia yule mwenye ekari mbili tatu za pori alizoachiwa na mzee wake, au ana kilima cha mawe kisicholimika na kila siku watu wanamwambia kata, choma mkaa, nunua pikipiki. Subiri kwanza. Mimi nina ekari nne huku Misungwi, ngitili ya marehemu baba, yaani pori la malisho linalofungwa kwa msimu kwa desturi ya Wasukuma, na nilichokuja kukielewa ni kwamba msitu hauanzi na miche ya kununua, unaanza na kile ambacho tayari kiko ardhini.

Ila kabla ya mti wowote, mpaka. Hapa ndo wengi tunapoteza, mzee anafariki, jirani anasogeza jembe hatua tatu kila msimu, ukija kushtuka kona nzima imeshakuwa shamba la mihogo. Waite majirani wote mnaopakana nao, awepo mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, mtembee mpaka mzima kwa miguu na mpande minyaa palepale watu wakiona. Halafu fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila, ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na inaanzia kwenye halmashauri ya kijiji chako. Mimi ilinichukua muda na nauli nyingi sana, nikaambiwa njoo kesho zisizohesabika, lakini nimeipata. Na ujue Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua kabisa msitu wa mtu binafsi, siyo wa serikali na wa kijiji tu, kwa hiyo usikubali mtu akuambie pori lako ni eneo la wazi la kila mtu.

Haya sasa visiki. Ingia porini kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanza, angalia chini siyo juu. Utakuta kisiki cha mgunga au mkwaju kilichokatwa zamani, kimetoa machipukizi kumi, kumi na tano, yamesongamana kama kichaka na mbuzi wanayatafuna kila mwaka ndo maana hayarefuki. Kile siyo kichaka, ni mti wenye mizizi mirefu tayari chini, unasubiri nafasi tu. Chagua machipukizi matatu yaliyonyooka na yenye afya, mengine yote yaondoe, panga liwe kali kabisa na ukate kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike, maana likichanika maji yanaingia na linaoza. Hayo matatu uliyoyaacha punguza matawi ya chini, usipite nusu ya urefu wake. Funga kakitambaa kwenye kisiki ili watoto wanaochunga na wamama wanaotafuta kuni wajue huyu ana mwenyewe. Matawi yenye miba uliyokata yazungushie hapohapo, mbuzi hatasogea. Miezi michache baadaye rudi utoe machipukizi mapya, basi. Nina mgunga niliuanza hivyo ukiwa unanifika magotini, leo nasimama chini yake na kivuli kinanitosha mimi na ndama wawili.

Wanaosema haiwezekani nawaomba waangalie majirani zetu Shinyanga. Kule miti ilikatwa sana, mingine kufukuza mbung'o, mingine kupisha pamba, mpaka ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 ukaja mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, wakarudi kwenye hiihii ngitili ya Wasukuma, familia zikafunga maeneo yao na vijiji vikafunga vyake, na mradi unaisha 2004 zilikuwa zimesharudi zaidi ya hekta 300,000. Kazi ile waliifanya wenye maeneo wenyewe, familia na vijiji.

Ngitili yenyewe siyo kufukuza ng'ombe milele, watu wanakosea hapa. Unafunga mvua zinapoanza, nyasi zikue, zizae mbegu, unafungua kiangazi kikali malisho yakiisha kwingine, tena kipande kwa kipande.

Moto sasa. Mwaka juzi mtu alichoma masalia ya pamba mchana wa upepo, ukavuka kwangu, nikapoteza karibu ekari moja, visiki nilivyovihudumia miaka mitatu vikawa vyeusi, niliumia sana aisee. Tangu hapo kila mwaka kabla ya Agosti nafyeka njia ya mita tano kuzunguka pori lote, majani nayatoa kabisa. Kaongee na majirani mapema, mkubaliane anayechoma aite wenzake na achome jioni upepo ukitulia.

Kama eneo lako linagusa mto au ziwa, zile mita 60 za kwanza sheria ya mazingira ya 2004 inazilinda, usilime wala usijenge. Waachie mikuyu na matete yashike udongo, maana udongo wetu ndo huohuo unaoshuka na Mto Simiyu na vijito vyote kwenda kuchafua mazalia ya samaki na kulisha magugumaji. Na mikaratusi jamani, inakua haraka na nguzo zina hela, sikatai, ila ipande mbali na chemchemi, inakunywa maji vibaya.

Hela utapata wapi bila kukata? Mizinga ya nyuki, ndo ninachokitegemea mimi. Pia matawi unayopunguza ni kuni, wabanika samaki wa mwaloni, kule ziwani samaki wanakoshushwa, wanazitafuta kila siku. Ukija kuvuna mti mkubwa, hata kama ni wako, anza kwa afisa misitu upate kibali cha kuvuna na TP, ile hati ya kusafirishia mazao ya misitu, usipakie gari kwanza halafu ukaanza kubembeleza kwenye geti usiku.

Usianze na ekari zote. Chagua visiki kumi vya karibu na nyumba, unavyoweza kuvipitia asubuhi ukienda kufungulia ng'ombe, navyo vitakupa kazi ya kutosha mwaka wa kwanza.