Kununua boti ya tanga iliyotumika Uingereza: anza na karatasi, mkaguzi baadaye

Huku Uingereza huwezi kuingiza gari barabarani bila karatasi zake. Lakini boti ya tanga ya mita 10, yenye vitanda, jiko na choo, unaweza kuinunua leo na kesho ukatoka nayo baharini bila leseni ya unahodha, bila kuisajili popote, na bila mtu kukuuliza jina. Raha iliyoje. Ila kwa kuwa serikali haimlazimishi mtu kutunza karatasi, watu hawazitunzi, na siku boti inapouzwa mzigo wote unamwangukia mnunuzi.

Nimetoka kulimaliza zoezi hili pwani ya kusini, kati ya Southampton na Gosport. Hela na muda vilivyonitoka bure vilitokea kwenye karatasi; boti yenyewe haikunisumbua hivyo. Ndiyo maana mpangilio wa hatua hapa chini hauendi kama madalali wanavyopenda.

Wao wanapenda hivi: uone boti, mkubaliane bei, utoe arubuni ya asilimia 10, usaini mkataba, ulipie winchi ya kuipandisha nchi kavu, ulipie mkaguzi, halafu mwisho kabisa, ukiwa umeshachoka na umeshaipenda boti, ndipo unafunguliwa faili. Kataa. Faili lije kwanza. Kumbuka dalali wa boti huku hahitaji leseni ya serikali, na anayemlipa ni muuzaji. Ni dalali wa nyumba wa Kariakoo aliyevaa viatu vya mpira vyeupe.

Karatasi za kudai kabla hujatoa senti

Omba nakala za vitu hivi kwa baruapepe: ankara ya kwanza kabisa ya kiwandani inayoonyesha VAT, hati za mauziano kutoka mmiliki mmoja hadi mwingine bila pengo, cheti cha usajili kama kipo, na tamko la mtengenezaji la alama ya CE, yaani kwamba boti imefuata viwango vya Ulaya. Hilo la CE linahitajika kwa boti zilizoingia sokoni kuanzia tarehe 16 Juni 1998, siku kanuni za Ulaya za vyombo vya starehe zilipoanza kubana.

Kwangu mimi tangazo lilisema VAT imelipwa. Nikaomba ushahidi. Dalali akanijibu kwa furaha kwamba faili ni kamili kuliko alilowahi kuona. Kweli lilikuwa nene: risiti za rangi ya chini, risiti za betri, kitabu cha friji, barua ya mtu akilalamikia pampu ya choo, hata menyu ya mgahawa fulani wa Brittany, Ufaransa. Ankara ya VAT haikuwemo. Na kati ya mmiliki wa pili na wa nne hapakuwa na hati yoyote, kana kwamba yule wa tatu aliiokota ufukweni. Nilipouliza, nikaambiwa "hapa kila mtu anauza hivi". Wiki zikapita tukimsaka mmiliki wa tatu, mzee aliyehamia kijijini, na yeye ndiye aliyekuwa na hati na ankara kwenye sanduku darini. Wakati huo arubuni ilikuwa imekaa kwa dalali na mkaguzi ameshalipwa, kwa sababu utaratibu wao ndivyo ulivyo.

Kwa nini VAT isumbue hivyo kwenye boti ya zamani? Kwa sababu ya Brexit, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Hadhi ya boti kikodi iliamuliwa na mahali ilipokuwa saa 5 usiku kwa saa za London, tarehe 31 Desemba 2020. Iliyokuwa Uingereza ilibaki na hadhi ya Uingereza, na iliyokuwa Ufaransa au Ugiriki ikabaki na ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo unapoona boti yenye bendera ya Uingereza inauzwa rahisi Ugiriki, jiulize kwa nini. Nafuu ya kutolipa VAT kwa bidhaa zinazorejeshwa nchini ni ya mtu yuleyule aliyeitoa boti. Wewe mnunuzi mpya ukiileta Southampton, kwa kawaida utalipa VAT ya asilimia 20 ya thamani yake. Urahisi wote unaishia forodhani. Omba basi na risiti za maegesho za mwezi ule wa Desemba 2020. Ni karatasi ndogo, lakini ndiyo inayoonyesha boti ilikuwa imelala wapi.

Cheti cha usajili kisikulaze

Wengi wanaonyeshwa cheti kinachoanza na herufi SSR na kudhani wameona hati ya umiliki. Hicho ni cha Sehemu ya Tatu ya daftari la meli la Uingereza, daftari la vyombo vidogo vya chini ya mita 24. Kinasema boti ina utaifa gani, basi. Hakithibitishi umiliki, hakionyeshi mkopo, na hakihamishiki: boti ikiuzwa, usajili unakufa nawe unaanza upya kwa jina lako.

Sehemu ya Kwanza ni habari nyingine. Huko umiliki unathibitishwa na rehani zinaandikwa, hivyo lipia ada ndogo upate nakala ya ukurasa wa boti hiyo kwenye daftari. Umiliki wake umegawanywa katika hisa 64. Hati ya mauziano iseme 64. Ukiona 32, ujue kuna mke, shemeji au mshirika mahali fulani mwenye nusu iliyobaki, na bila sahihi yake umenunua upande mmoja wa kitanda.

Halafu piga simu mwenyewe kwenye marina, yaani bandari ya boti za starehe inakoegeshwa, usimwachie dalali. Uliza kama boti inadaiwa. Karakana ambayo haijalipwa ina haki ya kuishikilia boti mpaka ilipwe, na boti haijali kama aliyekopa ni wewe au aliyekutangulia. Ukiwa kwenye simu uliza pia kama nafasi ya maegesho inahamishika. Mara nyingi mkataba ni wa mtu na marina, kwa hiyo usihesabu kwamba umenunua na mahali pa kuegesha.

Siku ya kwenda kuiona, chukua tochi na kitambaa. Upande wa kulia wa tezi, yaani nyuma ya boti, juu karibu na ukingo, kuna namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 14. Futa ukungu wa kijani, isome herufi kwa herufi, linganisha na karatasi. Kwenye yangu, herufi moja kwenye hati mojawapo ilikuwa O na kwenye tezi ni sifuri. Dalali alicheka. Mtu wa bima hakucheka, akataka barua.

Mkaguzi

Umtafute mwenyewe. Ukaguzi nao hauhitaji leseni ya serikali, kwa hiyo angalia kama ni mwanachama wa chama cha taaluma cha wakaguzi wa boti kama YDSA au IIMS na kama ana bima ya kazi yake. Jina unalopewa na dalali liache hapohapo. Gharama ya winchi na ukaguzi ni yako hata usiponunua, na hii ndiyo sababu nyingine ya karatasi kutangulia.

Uwepo siku hiyo. Mkaguzi mzuri anagonga faiba kwa nyundo ndogo kuanzia omo mpaka tezi, na baada ya muda hata sikio lako linajua: palipo pazima panalia kavu, palipoachana panajibu kwa uvivu. Wangu alifika kwenye valvu ya choo, akaikwangua kwa ncha ya kisu. Badala ya kung'aa njano, shaba ikatoka rangi ya waridi. Maana yake zinki imeshaliwa na chumvi, na siku yoyote valvu hiyo inakatika mkononi ukiwa umelala juu ya maji. Valvu zote zikaingia kwenye orodha ya kupunguziwa bei.

Uliza umri wa waya za mlingoti na udai risiti. Kampuni nyingi za bima zinaanza kununa waya zikifika miaka 10. Kama injini inaendesha panga boi, lile linalosukuma boti, kupitia mguu unaotoboa sakafu ya boti, uliza mpira wa kuzuia maji kwenye tundu hilo ulibadilishwa lini. Volvo Penta, watengenezaji wa injini za boti, wanataka ubadilishwe kila miaka 7, na kazi hiyo haifanyiki boti ikiwa majini. Na kabla injini haijawashwa, iguse. Ikiwa ya moto, mtu ameiamsha mapema ili isikuaibishe.

Ripoti ikitoka, jadili bei kwa maandishi ukitaja kurasa. Madalali wanaheshimu namba ya ukurasa kuliko machozi.

Kulipa

Pesa iende kwenye akaunti ya wateja ya dalali, iliyotengwa na hela zake za kazi, na namba ya akaunti uihakiki kwa simu unayoijua, maana wezi wa baruapepe wanapenda biashara hii. Waarifu benki mapema. Mimi nilishikiliwa kwenye simu na kijana aliyeuliza mara mbili kama kweli boti nimeiona kwa macho, kisha kama kuna mtu amenilazimisha. Nilitaka kumjibu ndiyo, upepo.

Usiachie salio kabla hati ya mauziano haijasainiwa mbele ya shahidi, na uchukue karatasi asilia zote, hata ile menyu. Bima ianze saa ileile umiliki unapohama. Marina haitakuacha ulale bila bima ya madhara kwa wengine.

Baada ya hapo

Usajili wa Sehemu ya Tatu unafanyika mtandaoni na unadumu miaka 5. Sharti linalowakwaza wenzetu wanaosafiri sana nyumbani ni ukaazi: uwe umeishi Uingereza siku zisizopungua 185 kati ya 365. Kama ulikaa Mombasa miezi saba ukijenga, subiri. Namba ikitoka, ibandike nje ya boti.

Leseni ya redio ya boti inatoka Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, bure ukiomba mtandaoni. Hamisha jina la MMSI, namba ya utambulisho ya redio ya boti, na la EPIRB, kifaa cha kuita waokoaji wakati wa dharura, siku hiyohiyo, la sivyo ukiwa hatarini waokoaji watampigia mzee wa kijijini aliyeko jikoni kwake. Wewe mwenyewe utahitaji cheti cha kutumia redio, na ukivuka kwenda Ulaya huenda ukaulizwa cheti cha kimataifa cha unahodha, ICC.

Na kuhusu kuvuka: boti yenye hadhi ya Uingereza, ya mtu anayeishi Uingereza, inaruhusiwa kukaa Umoja wa Ulaya miezi 18 bila kulipiwa VAT. Mwenye boti mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen kabla hajatupa kamba Cherbourg, Ufaransa, na viza hiyo inampa siku 90 tu kati ya 180. Omba miadi ya viza mapema, kabla hata hujapaka rangi ya chini, na taarifa ya kuondoka uitume kwa mamlaka ya mipaka ya Uingereza mtandaoni kabla hujang'oa nanga. Kwenye maombi ya viza, badala ya tiketi ya ndege, andika jina la boti na bandari utakayoingilia, kisha uambatanishe cheti cha usajili na bima. Karani wa dirishani atayaangalia mara mbili, kisha atamwita msimamizi wake.