Ukienda Joburg kufuata vitambaa, pita uone na sanaa

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, kibaraza changu kiko chini ya mwembe. Nilikwenda Johannesburg kununua vitambaa Fordsburg, mzigo ukachelewa kufungwa, nikabaki na siku mbili mkononi. Ndipo nilipoijua sanaa ya Sauzi ya leo. Tangu hapo, mteja akiniambia anasafiri kwenda kule, namkalisha kwanza.

Viza isikuumize kichwa: Mtanzania anakwenda kutembea hadi siku 90 kwa pasipoti tu. Uwanja wa ndege panda treni ya Gautrain, ubadilishe treni Sandton, ushuke kituo cha Rosebank au Park.

Usianze kwa kuuliza msanii gani ni maarufu. Anza na kazi ya mikono yako mwenyewe, kwa sababu hiyo macho yako yanaijua. Mimi niliulizia wanaoshona. Nikatajiwa Nicholas Hlobo, anayeshona mipira ya matairi kwa utepe, na Mary Sibande, ambaye sanamu yake Sophie huvaa sare ya mfanyakazi wa ndani iliyopanuliwa ikawa gauni la kimalkia. Mfumaji amuulizie Igshaan Adams. Mwenye ng'ombe amuulizie Nandipha Mntambo, anayetengeneza maumbo ya miili kwa ngozi ya ng'ombe. Fundi rangi asimkose mama Esther Mahlangu, Mndebele, aliyelichora gari zima la BMW mwaka 1991. Mistari yake huivuta kwa unyoya wa kuku, bila rula.

Kama una nusu siku tu, nenda Constitution Hill, kwenye Mahakama ya Katiba. Jengo lilifunguliwa mwaka 2004 palipokuwa na gereza, na matofali ya gereza hilo yamo ukutani. Mkusanyo wa sanaa uliomo ulianzishwa na Jaji Albie Sachs. Nenda siku ya kazi, huingii kwa kiingilio.

Humo ulizia gauni la buluu la Judith Mason. Kwa mbali nilidhani ni hariri. Nikasogea: ni mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo kabla haijapigwa marufuku kwetu mwaka 2019, imeunganishwa kipande kwa kipande. Plastiki haisamehe sindano, tundu ukilitoboa limebaki. Alilishona kwa ajili ya Phila Ndwandwe, mpigania uhuru aliyeuawa na polisi wa usalama mwaka 1988. Kaburi lilipofukuliwa, alikutwa uchi, amejisitiri kwa kipande cha mfuko wa buluu. Mason alimshonea gauni zima, na maneno ya kumwambia akayaandika humo humo kwenye gauni. Jina la kazi hiyo linamtaja pia mwanamume aliyeimba: Harald Sefola, naye mpigania uhuru, ambaye kabla ya kuuawa aliomba aimbe Nkosi Sikelel' iAfrika. Ndiyo sauti ile ile ya Mungu Ibariki Afrika tuliyoimba mstarini shuleni. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Na wewe jipe muda, usipige picha ukaondoka.

Baada ya hapo chukua teksi hadi Braamfontein, jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Wits, nako ni bure. Kutembea na simu mkononi mitaa ile sikushauri.

Galari za kuuza, kama zile za Rosebank, milango hufungwa na unabonyeza kengele. Mahali pamoja niliulizwa kama nina miadi, nikaona aibu nikageuka. Nilikosea. Sema tu umekuja kutazama. Kutazama hakulipiwi, na bei hulazimiki kuuliza.

Ukifika Cape Town kuna Zeitz MOCAA, ghala la nafaka la zamani lililogeuzwa makumbusho mwaka 2017. Raia wa Afrika wamekuwa wakiingia bure Jumatano asubuhi, kwa hiyo pasipoti iwe nawe, na uulize kabla kama utaratibu ni ule ule.

Jambo moja: kazi hubadilishwa ukutani. Hlobo mimi sikumkuta. Ukimkuta wewe, tazama utepe umepita vipi kwenye mpira, umepigwa mshono gani na fundo limefichwa wapi, kisha upite kibarazani unichoree.