Namna ya kulalamikia tamthilia uipendayo ikiharibiwa na walioshika usukani

Kazi yangu ni madai. Kontena likishushwa Kilindini, likifunguliwa vigae vikakutwa vimevunjika au mchele umelowa, mimi ndiye ninayeandika barua ya kudai fidia. Zimepita mezani kwangu barua nyingi za wenye mali zinazosema tu "mmeniharibia mzigo wangu, hamna utu", na sikumbuki hata moja iliyolipwa kwa sababu ya ukali wake. Zinazolipwa ni zile zinazoeleza katoni ngapi, zilikaa upande gani wa kontena, sili ilikuwa nzima au imekatwa, na nani alikuwa ameushika mzigo saa ile.

Nayaleta haya kwenye tamthilia za anga kwa sababu nimeona mashabiki wengi wakiumia kweli kweli halafu uchungu wao ukapotea bure. Tamthilia mama inazaa mtoto, yaani tamthilia mpya iliyotokana nayo, mtoto anakabidhiwa watu wasiomjua, na sisi tuliomlea mama miaka yote tunabaki kutukana hewani. Mtu mwenye haki hastahili kuishia hapo.

Nikupe letu. Kaka yangu mkubwa ni fundi wa mitambo kwenye tagi, zile boti za kuvuta na kusukuma meli bandarini. Katika ukoo mzima wa Star Trek, aliyempenda kuliko wote ni Trip Tucker, fundi mkuu wa chombo katika Enterprise, tamthilia iliyoanza 2001 kusimulia mambo yaliyotangulia yale ya Star Trek ya 1966. Tuliipata misimu yote minne kwenye diski, tukawa tunaitazama Ijumaa baada ya Isha nyumbani Kibokoni, birika la kahawa chungu na sahani ya kashata katikati yetu.

Sehemu ya 98 ndiyo ya mwisho. Marekani ilirushwa tarehe 13 Mei 2005. Ukiitazama unakuta mambo yote ni maigizo ya kompyuta ndani ya chombo kingine, cha tamthilia nyingine, na mwenye kuyatazama ni Riker aliyetoka Star Trek: The Next Generation. Trip anakufa humo. Mwisho kabisa Nahodha Archer anajitokeza mbele ya umati kutoa hotuba ya kuzaliwa kwa umoja wa sayari, hotuba ambayo safari nzima ilikuwa ikituelekeza kwake. Kabla hajafungua kinywa, Riker anaiamuru kompyuta izime. Kaka aliweka kikombe chini polepole, akaniuliza, "Hakuachiwa hata aseme?"

Usiku ule ule alitaka kuandika. Nikamwambia, kaka, lala kwanza.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na usiiruke. Katika kanuni za usafirishaji wa baharini, uharibifu usioonekana kwa nje hutolewa notisi ndani ya siku 3 tangu mzigo upokelewe. Nawe jipe hizo siku 3. Ya kwanza ni ya hasira. Ya pili itazame sehemu hiyo upya, peke yako, kalamu mkononi. Ya tatu soma ulichoandika na ufute kila mstari unaomhusu mtu badala ya kazi yake.

Unapotazama mara ya pili, andika dakika, ulichokiona, na kwa nini ni kosa. "Wameiua tamthilia" haiingii kwenye daftari. Kaka yangu, mtu asiyependa kuandika, alijaza ukurasa na nusu. Kuna alichokiona ambacho mimi kilinipita kabisa: sehemu ile imewekwa mwaka 2161, miaka 10 tangu chombo kianze safari, na watu ni wale wale kwenye vyeo vile vile. "Miaka kumi kazini," alisema, "meli imeokoa dunia, na hakuna hata mmoja aliyepandishwa?" Yeye anajua mtu anavyongoja cheo bandarini na nyumbani anavyoulizwa kila mwaka. Hilo ni lalamiko lenye uzito kwa sababu halibishaniki. Linaonyesha kwamba aliyeandika aliruka miaka sita mbele ya sehemu iliyotangulia bila kujiuliza miaka sita huwafanyia nini binadamu.

Sasa tafuta nani alikuwa ameushika mzigo. Hapa ndipo mashabiki wengi hukosea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kontena hupita mikono mingi: aliyelipakia, mwenye meli, makuli, ghala, lori. Ukimdai asiyehusika, barua yako inatupwa na mhusika anapumua. Tamthilia nayo ina mwenye kituo cha televisheni, studio, aliyeibuni, watayarishaji wakuu ambao mara nyingi ni wengi, na miongoni mwao mmoja au wawili walioshika usukani kila siku. Jina kuwepo kwenye orodha ya mwanzo hakumaanishi kwamba mwenyewe yupo chumbani hadithi inapoamuliwa. Tena usukani hubadilika mikono kati ya msimu na msimu, kwa hiyo tazama mwaka wa sehemu unayoilalamikia.

Enterprise ilibuniwa na Rick Berman na Brannon Braga. Msimu wa nne, 2004 hadi 2005, usukani ulishikwa na Manny Coto, na mashabiki wengi, sisi tukiwemo, tunauhesabu msimu huo kuwa bora kuliko yote. Ukisikia hivyo utasema basi mwisho ule ni wa Coto. La. Sehemu ya mwisho waliiandika Berman na Braga wenyewe. Shabiki aliyemrukia Coto alimrukia mtu aliyekuwa akiitengeneza nyumba, na jina la mwandishi lilikuwa pale pale kwenye skrini.

Kwa hiyo jifunze kusoma majina hayo. Katika tamthilia za Marekani, majina mawili ya waandishi yakiunganishwa kwa alama ya "&", hao waliandika pamoja kama timu. Yakiunganishwa kwa neno "and", kila mmoja alifanya kazi yake mbali, mara nyingi wa pili akiandika upya ya wa kwanza. Aliyetoa kisa na aliyeandika mazungumzo pia huweza kutajwa mbalimbali. Dakika moja ya kusimamisha picha inakuonyesha kama kosa liko kwenye wazo lenyewe au kwenye maneno.

Na wakati mwingine mwenye kosa hana jina popote kwenye skrini. Crusade, mtoto wa Babylon 5, ilianza kuonyeshwa kituo cha TNT Juni 1999 ikiwa imeshakatwa kabla hata sehemu ya kwanza haijaruka. Zilitengenezwa sehemu 13 tu. Kituo na mtunzi wake, J. Michael Straczynski, walivutana juu ya mwelekeo wa hadithi, hata sare za mabaharia wa anga zikabadilishwa katikati ya kazi kwa matakwa ya kituo. Mtazamaji asiyejua haya angemlaumu Straczynski kwa mshono aliolazimishwa. Nilipolisoma jambo hilo nilikumbuka mizigo mingi niliyoiona imeandikwa "ilipakiwa vibaya", kumbe aliyeifungua njiani ni mwingine.

Waigizaji waache. Hili silijadili. Mwigizaji hupewa karatasi akasema kilichomo. Jolene Blalock, aliyeigiza T'Pol, msaidizi wa Nahodha Archer, alisema hadharani kwamba hakuupenda mwisho ule kabla sisi hatujauona. Kumtukana mwigizaji kwa hadithi mbovu ni kumpiga kuli kwa kosa la nahodha, na nimeona kurasa zao zikijazwa maneno ambayo hakuna mtu angeyasema mbele ya mama yake.

Ukishamjua unayemwandikia, andika. Mimi nashauri rasimu ya kwanza iwe kwa Kiswahili hata kama barua itakwenda kwa Kiingereza, kwa sababu ukianza na lugha ya ofisi utaandika kile unachokijua kwa Kiingereza badala ya kile kilichokuuma. Ukurasa mmoja unatosha. Anza na ulichokipenda, na ukitaje kwa jina. Kisha kosa moja, au mawili yakizidi, kutoka kwenye daftari lako. Kisha unachokitaka. Barua ya madai isiyosema inadai nini huwekwa kabatini.

Lakini usiwatungie hadithi. Studio nyingi hukataa kusoma mawazo ya visa yanayotoka nje, zikiogopa kushtakiwa kesho kwamba zimeiba. Ukiandika "Trip angefufuliwa hivi, halafu aende sayari fulani", barua yako yote, pamoja na lalamiko lako zuri, inaweza kuwekwa kando na wakili kabla haijamfikia mtu yeyote. Sema jeraha liko wapi, dawa waachie wao.

Yetu, ikishatolewa chumvi ya kaka, ilikuwa namna hii:

"Sisi ni ndugu wawili wa Mombasa, Kenya. Tumetazama sehemu zote 98. Msimu wa nne ulitufurahisha kuliko yote, kwa sababu ulikumbuka kwamba safari hii ilikuwa ya kuwapatanisha watu waliokuwa maadui. Katika sehemu ya mwisho, hotuba ya Nahodha Archer imezimwa kabla hajaanza, na wanaoifunga safari ni wageni kutoka tamthilia nyingine. Tunaomba, mtakapoifunga tamthilia nyingine, muwaachie waliosafiri waifunge wenyewe. Kaka yangu ni fundi wa meli. Anaomba pia mkumbuke kwamba miaka kumi ni mingi kwa mtu anayefanya kazi."

Kaka alisaini kwa kalamu ya wino. Nikaituma kutoka posta kuu ya Digo Road.

Kuhusu wakati: sehemu unayoiona leo ilipigwa picha miezi kadhaa nyuma, na zinazofuata huenda zimekwisha. Kwa hiyo omba kuhusu msimu ujao, na uandike mapema, kabla uamuzi wa kuendelea au kukata haujapitishwa. Sisi tulichelewa, tulipoituma yetu tamthilia ilikuwa imeshakufa. Tuliandika tu ili iwe kwenye rekodi.

Na usiandike peke yako. Mwaka 1968 Star Trek yenyewe ilikuwa ikingoja kukatwa na kituo chake cha televisheni, NBC. Shabiki Bjo Trimble na mumewe John wakapanga kampeni ya barua, kila mtu awaombe wengine kumi, na kila mmoja wa hao kumi awaombe kumi wake. NBC ikalazimika kutangaza hewani kwamba tamthilia itarudi. Ukifanya hivyo na wenzako wa barazani, kila mmoja aandike kwa maneno yake. Barua ishirini zilizonakiliwa husomwa kama barua moja. Hata makarani hufanya hivyo. Mimi mwenyewe hufanya hivyo.

Ila yaangalie yaliyofuata. Msimu wa tatu walioupigania ukawekwa saa nne usiku ya Ijumaa, Gene Roddenberry, aliyeibuni, akajitoa kwenye kazi ya kila siku, usukani akapewa Fred Freiberger, na mashabiki wengi mpaka leo wanauona ndio dhaifu kuliko yote mitatu. Walidai mzigo urudi, ukarudi; hawakutaja nani aushike. Wewe ukidai tamthilia yako isikatwe, sema pia ni nini ndani yake kinachotakiwa kulindwa.

Majibu ni ya namna mbili. Stargate Atlantis ilimuua daktari wake, Carson Beckett, katika msimu wa tatu. Mashabiki wakapiga kampeni, na msimu wa nne akarudi, japo kama nakala yake. Torchwood, mtoto wa Doctor Who, ilimuua Ianto Jones Julai 2009, na kwa kuwa Ianto ndiye aliyekuwa akiwapikia wenzake kahawa, mashabiki wakawa wanaipelekea BBC pakiti za kahawa. Mtunzi wake, Russell T Davies, hakurudi nyuma. Kule Cardiff, Mermaid Quay, watu wakaufanya ukuta mmoja kuwa mahali pa kumkumbuka, wakabandika karatasi na maua. Mimi namheshimu Davies kwa hilo ingawa kifo kile kiliniuma. Mtunzi aliyeamua kwa makusudi ana haki ya kukataa, na dai lako likikataliwa kwa sababu iliyo wazi, lifunge.

Baadaye sana Braga alikiri hadharani kwamba mwisho ule wa Enterprise ulikuwa kosa. Nilimpigia kaka nikamwambia. Alikuwa kazini, nasikia injini nyuma yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi deni limekubaliwa."

Siku hizi tukiwa na mpwa wetu, anayeitazama kwa mara ya kwanza, tunaishia sehemu ya 97, Terra Prime. Humo Archer anasimama mbele ya wajumbe na kusema yake mpaka mwisho, na wanampigia makofi. Kisha Trip na T'Pol wamekaa pamoja wakimlilia mtoto wao, Trip anamwambia kwamba mtoto mwingine angeweza kuishi, na wanashikana mikono. Hapo kaka hunyoosha mkono akazima, na hakuna anayemuuliza ile diski imebakiza nini.