Vijumba vya wageni kwenye vilima vya Pugu: jenga bila kukata mteremko

Mafundi wengi wakifika kwenye mteremko huanza kwa kuuchonga: wanakata upande wa juu, udongo wanaumwaga upande wa chini, kisha wanapata uwanja tambarare. Hapo kijumba kimeshaharibika kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Udongo uliomwagwa haujashikana, kwa hiyo nguzo zilizosimama juu yake huinama kuelekea bondeni. Ule ukuta wa udongo ulioachwa wazi nao huporomoka mvua za masika zikiukolea, hasa huku Pugu na Kisarawe penye tabaka za mfinyanzi, ukiwemo ule mweupe wa kaolini. Kwa hiyo kiache kilima, ukipandishe kijumba juu ya nguzo.

Kabla ya kuchora chochote, hakikisha kiwanja kiko nje ya mpaka wa hifadhi ya msitu na mita 60 au zaidi kutoka kwenye kijito au chemchemi. Hizo mita 60 zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kibali cha ujenzi kitafutwe halmashauri.

Pima mteremko kwa mpira wa maji unaopitisha mwanga; maji kwenye ncha zake mbili hukaa usawa mmoja. Piga mambo kila baada ya mita 2 kutoka juu hadi chini, na uandike ardhi imeshuka kiasi gani kutoka mambo hadi mambo. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 2, kijumba cha mita 3.6 kwa 6 kikilazwa kukingama na mteremko, yaani upande mfupi ndio unaoshuka kuelekea bondeni, ardhi chini yake hushuka mita 1.8. Ukikigeuza hushuka mita 3, na nguzo zinakuwa ndefu, za gharama na za kutikisika. Upana wa mita 3.6 una faida nyingine pia: ni karibu sawa na futi 12, urefu wa mbao zinazouzwa kwa kawaida, kwa hiyo vipande vya kutupa ni vichache.

Kijumba hiki kinahitaji nguzo 12: safu tatu zilizoachana mita 1.8, kila safu nguzo nne zilizoachana mita 2. Sakafu ikiwa sentimita 40 juu ya ardhi kwenye safu ya juu, safu ya kati itakuwa na mita 1.3 na ya chini mita 2.2. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina cha mita 1 kikipimwa kutoka ukingo wa chini wa shimo, na usisimame mpaka ufikie udongo mgumu. Sakafu ya shimo iwe bapa, isifuate mteremko. Mwaga kitako cha zege cha sentimita 20 chenye nondo za milimita 12, kisha kiguzo cha zege cha sentimita 25 kwa 25 kinachotokeza sentimita 30 juu ya ardhi. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mifuko 12 ya saruji inatosha.

Juu ya kila kiguzo weka kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini, ndipo ufunge nguzo ya mbao kwa bolti. Kofia haiui mchwa, ila inawalazimisha wajenge njia yao mahali unapoiona. Mbao za dawa zikague kwa kukata ncha: rangi ya dawa iwe imeingia ndani, isiishie juujuu. Kila unapokata, paka dawa upya. Safu za kati na chini zifungwe mbao za msalaba, la sivyo sakafu itacheza mgeni akitembea.

Shimo likikutana na mzizi mnene kuliko sentimita 5, sogeza nguzo. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja ndio utakaoangukia paa.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Mita 2 juu ya kijumba chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 unaoshuka sentimita 1 kwa kila mita, ukaishie penye majani mengi. Ukishuka kwa kasi utajichimba kuwa korongo; ukiwa bapa, maji yatazama na kulainisha kilima. Paa lishuke kuelekea bondeni, ili gata ikiziba kwa majani, maji yamwagike nje ya nguzo, juu ya mawe. Paa la mita 4.8 kwa 7.2, kwa mvua ya Dar es Salaam ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, hukusanya karibu lita 30,000 ukiondoa yanayopotea. Tangi la kijumba cha juu lilishe kijumba cha chini: tofauti ya mita 5 inatosha kwa bafu bila pampu.

Madirisha yatazamane, upande wa kusi na upande wa kaskazi, yote yawe na wavu.

Choo ndicho kigumu zaidi. Chimba shimo la majaribio la sentimita 30, lijaze maji, liache usiku kucha, kisha lijaze tena na upime. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usizamishe maji taka hapo, maana yatachomoza mita chache chini, mbele ya kijumba kinachofuata. Vuta bomba la inchi 4 hadi shimo moja la pamoja penye udongo wa mchanga, na uweke chemba ya kuzibulia kila bomba linapopinda.