Kumkinga Mbwa Mwenye Mzio dhidi ya Viroboto na Kupe

Mbwa wa kawaida anaweza kubeba viroboto kumi na zaidi asionyeshe dalili kubwa kuliko kujikuna mara moja moja, lakini mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto akiumwa na wachache tu atajitafuna kiuno mpaka manyoya yanyonyoke na ngozi itoe majimaji. Kinachomtesa si wingi wa wadudu wala damu wanayonyonya. Ni protini zilizomo katika mate yao, ambazo kinga ya mwili wake huzipokea kama adui, na muwasho huendelea kwa siku kadhaa baada ya kiroboto mwenyewe kufa. Kwa hiyo ule utaratibu wa wengi wetu, wa kungoja wadudu waonekane ndipo dawa inunuliwe, haumsaidii mbwa huyu. Yeye hukingwa mwaka mzima bila kurukwa hata mwezi mmoja, hasa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako joto na unyevu haviwapi viroboto msimu wa kupumzika. Baridi ya Julai ya Arusha au Nairobi hupunguza kasi yao tu; ndani ya nyumba wanaendelea kuzaliana.

Hakikisha kwanza kama ni viroboto

Mwenye mbwa wa namna hii mara nyingi huapa kwamba nyumbani kwake hakuna viroboto, naye hasemi uongo, kwa sababu mbwa anayejilamba na kujitafuna kutwa nzima huwameza wadudu kabla mtu hajawaona. Tafuta kinyesi chao badala yake. Chana manyoya ya kiunoni na ya shina la mkia kwa kitana chenye meno yaliyobanana, kung'uta kinachotoka juu ya karatasi ya chooni nyeupe iliyoloweshwa maji, kisha subiri dakika moja au mbili. Punje nyeusi zikiacha alama nyekundu kama ya kutu, hiyo ni damu iliyokwisha kumeng'enywa, na viroboto wapo. Zisipoacha rangi hiyo, ni udongo.

Mahali panapowasha nako kunaeleza mengi. Mzio wa viroboto hushika zaidi kiuno, shina la mkia na mapaja kwa ndani. Mbwa anayelamba nyayo, anayekuna masikio na kusugua uso sakafuni huenda ana mzio wa chakula, wa vumbi au wa chavua. Wengi wana mizio miwili kwa pamoja, na hapo ndipo viroboto huleta madhara makubwa zaidi, kwa kuwa ngozi iliyokwisha kuwashwa na kitu kingine haihitaji kuumwa mara nyingi ili hali ichafuke.

Dawa ipi kwa mbwa yupi

Vidonge vya kutafuna vya kundi la NexGard, Simparica na Bravecto ndivyo ninavyovipendelea kwa mbwa wengi wenye mzio, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: mbwa mwenye ngozi mbovu huogeshwa mara kwa mara kwa shampuu ya dawa, pengine kila wiki, na kidonge kilichomo mwilini hakioshwi na maji. NexGard na Simparica hutolewa kila mwezi, Bravecto kila baada ya wiki 12. Ni kweli kwamba kiroboto hana budi kumuuma mbwa ndipo dawa hizi zimuue, lakini hufa upesi kabla hajaendelea kuuma na kutaga, na muwasho hupungua. Mbwa aliyewahi kupatwa na kifafa asipewe bila kumweleza daktari wa mifugo, kwani mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba kundi hili linaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa.

Tatizo la pili la vidonge halizungumzwi sana. Hutiwa ladha ya nyama ili mbwa avikubali, na mbwa mwenye mzio wa chakula anaweza kuathirika kwa kile kilichowekwa kumridhisha. Soma viungo kwenye pakiti. Ikiwa kuna kitu asichopatana nacho, au ikiwa daktari amemweka kwenye chakula cha majaribio, yaani chakula maalumu cha kupima kama ni chakula kinachomletea mzio, tumia dawa ya kudondosha mgongoni. Bravecto yenyewe ina aina ya kudondosha. Dawa hizi hutiwa kwenye ngozi, si juu ya manyoya, na mahali pasipo kidonda. Zile zenye fipronili hutegemea mafuta ya ngozi ili zisambae, hivyo mbwa asiogeshwe siku mbili kabla na siku mbili baada ya kupakwa, na kwa mbwa anayeoshwa kila wiki sharti hilo ni gumu kulitimiza. Mkanda wa shingoni wenye dawa nao hupungua nguvu kwa kuogeshwa mara kwa mara, na ngozi ya chini yake inafaa kuangaliwa kila siku katika wiki mbili za mwanzo; ikigeuka nyekundu, uvuliwe.

Mpime mbwa uzito kila unapokwenda kununua, maana pakiti hupangwa kwa kilo, na kumkatia mbwa mdogo kipande cha kidonge cha mbwa mkubwa ni kubahatisha. Kama nyumbani kuna paka, epuka dawa yoyote ya mbwa yenye permethrini, kwa sababu paka hufa kwayo, hata kwa kulala karibu na mbwa aliyetoka kupakwa.

Dawa ya josho si ya mbwa huyu

Mbwa wetu wengi hulala nje, karibu na geti, na huogeshwa kwa ile ile dawa ya ng'ombe inayopimwa kwa kifuniko cha chupa. Dawa yenye amitrazi huua kupe, lakini kwa viroboto si ya kutegemewa. Kwa hiyo mbwa mwenye mzio wa viroboto huingia kwenye hatari ya dawa na kutoka na tatizo lake lile lile. Ngozi yenye vidonda hupitisha sumu kwa urahisi kuliko ngozi nzima. Mbwa akizidiwa na amitrazi husinzia, huyumba, na mapigo ya moyo hushuka. Akizidiwa na sumu nyingine za mifugo au za mazao hutokwa mate na kutetemeka. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari huunguza ngozi, na sioni hali yoyote inayohalalisha kuvitumia. Mwarobaini nauheshimu, ila kwa ngozi iliyokwisha kuchubuka unaweza kuongeza muwasho, wala hauwezi kubeba kinga ya mwaka mzima peke yake.

Nyumba na banda

Viroboto unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo ya walio nyumbani. Wengine ni mayai, mabuu na pupa (mabuu waliojifunga kwenye kifuko kabla ya kuwa viroboto wakubwa) waliotawanyika kwenye matandiko, nyufa za sakafu na mchanga wa kivulini. Jike hutaga hata mayai 40 kwa siku, nayo hudondoka popote mbwa anapolala. Fua matandiko kila wiki kwa maji ya moto, uyaanike kwenye jua kali, kwani mabuu hawavumilii ukavu. Fagia chini ya viti na vitanda, au tumia mashine ya kufyonza vumbi, na uchafu uutoe nje siku hiyo hiyo. Pupa ndani ya kifuko chake hapenyezwi na dawa ya kupuliza, naye huweza kungoja miezi kadhaa, akatoka anaposikia mtikiso au joto la mnyama. Ndiyo sababu viroboto wachache wanaweza kuendelea kuonekana kwa miezi miwili au mitatu baada ya kuanza kinga sahihi, na watu wengi huacha dawa wakati huo wakidhani imeshindwa.

Kinga iwe kwa kila mbwa na kila paka wa nyumbani, kila mmoja kwa dawa yake. Mbwa mmoja aliyeachwa huwa shamba la viroboto kwa mwenzake mwenye mzio.

Kupe

Kupe wa kahawia wa mbwa hapendi majani kama kupe wa ng'ombe. Hupanda ukutani, hujificha kwenye nyufa za banda na chini ya bati, na hurudi kwa mbwa katika kila hatua ya maisha yake, hivyo kunyunyizia nyasi za uani ni kupoteza dawa. Ziba nyufa kwa saruji. Ukipuliza dawa bandani, mtoe mbwa hadi pakauke kabisa. Mkague kila jioni masikioni, kati ya vidole, kwapani na chini ya shingo. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu kwa kunyooka, bila kumchoma moto wala kumpasua kwa vidole.

Homa, kukosa hamu ya kula, ufizi uliopauka, mkojo wa rangi ya kahawia au damu puani ni dalili za magonjwa ya kupe kama babesia na ehrlichia, nazo hazingoji kesho. Mweleze daktari ikiwa mbwa anatumia prednisolone, dawa ya aina ya steroidi, kwa ajili ya muwasho, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza kinga ya mwili. Vilevile sindano ya muwasho isikushawishi kuacha kidonge cha mwezi unaofuata: mbwa huacha kujikuna huku viroboto wakiendelea kutaga.

Andika tarehe ya kila dozi kwenye kalenda ya ukutani. Ikiwa miezi mitatu imepita bila dozi kurukwa na mbwa bado anajikuna, mpeleke kwa daktari aanzishiwe chakula cha majaribio kwa wiki 8, na kwa muda wote huo tumia dawa ya kudondosha badala ya kidonge chenye ladha.