Ukivimba baada ya diklofenaki: damu ipimwe lini, na ipimwe nini

Mamdogo wangu wa Pasua hapa Moshi alimeza diklofenaki ya mgongo, hata nusu saa haijaisha midomo imevimba kama kaumwa na nyuki na kifua kinambana. Alipona, namshukuru Mungu, ila wiki tatu baadae akaenda maabara moja mjini wakampima "aleji", akalipa, karatasi ikasema IgE, yaani kingamwili ya aleji kwenye damu, iko juu, basi. Hakuna hata aliyemuuliza kameza dawa gani! IgE ya jumla inapanda kwa minyoo, kwa pumu, kwa ukurutu, kuhusu diklofenaki haisemi kitu. Ile hela iliniuma sana.

Sasa nyie fanyeni hivi. Mtu akikosa pumzi, sauti ikikwama au akizimia, kimbieni hospitali, anahitaji sindano ya adrenalini ya paja na sio Piriton peke yake, mambo ya vipimo yasubiri. Akishaanza kutulia ndo muulizeni daktari kuhusu damu ya triptezi. Hiyo ni kitu kinachomwagwa na seli za aleji mwili unapolipuka, inapanda saa moja mbili hivi halafu inashuka, kwahiyo damu itolewe kati ya nusu saa na masaa manne tangu shida ianze, na muda uandikwe palepale kwenye kichupa, hapo kwenye muda ndo wengi wanaharibu. Baada ya masaa 24 au zaidi, akiwa mzima, itolewe nyingine ya kulinganisha. Hesabu yake: chukua namba ya siku ya uzima, zidisha kwa 1.2, jumlisha 2. Kama ya uzima ni 5 mpaka wako ni 8, sasa ile ya kwanza ikija 14 ujue mwili ulilipuka kweli. Ikija kawaida usimwambie mtu yuko salama, wengine hawapandi kabisa. Na kipimo hiki hakikwambii ni dawa gani iliyosababisha. Sio kila maabara inapima hii, ulizeni kwanza kama wanapima wenyewe au wanatuma.

Kwa nini hamna kipimo cha moja kwa moja? Kwa sababu aleji nyingi za dawa za maumivu hazipiti kwenye IgE, dawa inaziba kimeng'enya kinaitwa COX-1 na mwili unaanza kumwaga kemikali za kuvimbisha na kubana kifua, ndo maana anayevimba kwa aspirini anaweza kuvimba pia kwa ibuprofeni na diklofenaki. Kuna kipimo cha basofili, aina ya seli nyeupe za damu, kinataka damu mbichi na kinakosa wengi, mimi singekihangaikia.

Jibu la uhakika linatoka kwenye maelezo yako, na daktari akiona inafaa utapewa dozi ndogondogo hospitalini huku unaangaliwa. Hii msijaribu nyumbani jamani! Na kama ngozi ilibabuka au mdomo ulitoka vidonda, hiyo dawa hairudiwi kabisa. KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, kuna kliniki ya ngozi na chuo cha wataalamu wa ngozi kipo palepale tangu 1992, ombeni rufaa. Nendeni na ganda la vidonge hata kama ni tupu, picha ya uvimbe kwenye simu, na saa mliyomeza.

Mamdogo sasa hivi anatumia parasetamo tu, daktari ndo alimruhusu. Daftari lake la kliniki, ukurasa wa kwanza, tumeandika kwa kalamu nyekundu: diklofenaki, aspirini, ibuprofeni, ASIPEWE.