Kusaka vikasha vya jiokashingi kwenye kinamasi bila kuharibu kitu

Kwa asiyejua, jiokashingi ni ule mchezo mtu anaficha kikasha mahali, anaweka kodineti zake, yaani namba za mahali kilipo, kwenye intaneti, afu we unakitafuta kwa GPS ya simu, ukikipata unaandika jina kwenye kidaftari cha ndani na unakirudisha palepale. Ulianza Marekani Mei 2000, siku chache tu baada ya serikali yao kuacha kuipunguzia makali GPS ya raia, jamaa mmoja wa Oregon akaficha ndoo porini. Ndoo yenyewe aliifukia nusu, mambo ambayo saivi ukiyafanya bila ruhusa ya mwenye ardhi kikasha chako hakipitishwi.

Sasa kwenye kinamasi kidogo cha jamii, kile kilichobanana na vitalu vya watu vya mboga, mambo ni tofauti kidogo na msituni. Kabla hujatoka soma maelezo yote, angalia ukubwa wa kikasha na zile namba za ugumu, 1 mpaka 5, moja ya kukipata na nyingine ya njia. Pakua ramani kabisa.

Ukibakiza kama mita kumi, simu mfukoni. Hapa ndo wengi tunaharibu. Chini ya miti GPS inakosea mita tano, kumi hata zaidi, na pale mita kumi za kushoto ni maji na za kulia ni mboga za mtu. Mi mshale ulinivuta mpaka kwenye kitalu, nikawa nainua vyungu kimoja kimoja, kugeuka nyuma mwenyewe kasimama na keni yake ya maji ananiangalia tu. Kikasha kumbe kiko kwenye njia ya mbao, kimenasa kwa sumaku chini ya reli ya kushikia.

So fikiria kama aliyeficha, hakutaka watu wakanyage matete, kwa hiyo anza na vitu vilivyo njiani: chini ya benchi, nyuma ya nguzo ya kibao, upande wa chini wa reli, pitisha vidole taratibu. Matete usiyafunue kabisa, ndege wanatagia humo, na ukiona ndege anakuzungukia anapiga kelele jua umesogelea kiota, rudi nyuma, andika kule kwenye intaneti hukukipata, yameisha.

Beba penseli, sio kalamu ya wino, maana karatasi pale ina unyevu muda wote na wino unagoma. Kunja kikaratasi kibane, futa mchanga kwenye mpira wa kifuniko, funga mpaka kikaze. Chakula usiweke ndani, wanyama watakitafuna kikasha chote. Afu sugua tope kwenye buti kabla ya kuingia na baada ya kutoka, kuna kuvu inaua vyura na inasafiri na tope kutoka bwawa hadi bwawa.

Ukitaka kuficha chako, omba ruhusa kwa wanaotunza kinamasi, na kiwe angalau mita 161 kutoka kikasha kingine.

Na wenye vitalu wakikuangalia usijifanye unafunga kamba za viatu, wasalimie. Ila usiwaulize kilipo, hao wanakijua siku nyingi, watakuonyesha kwa kidole utamu wote uishe.